Kidonda cha BCG kwa Mtoto Mchanga: Kipi ni cha Kawaida, Kipi ni cha Kuogopwa

Mama ameketi kwenye benchi la kliniki, mtoto wa wiki sita mapajani, kadi mkononi. Zamu yake inapofika haulizi habari za uzito. Anapandisha mkono wa fulana ya mtoto na kuonyesha bega. Pale palipochomwa sindano siku mtoto alipozaliwa, mahali ambapo kwa wiki kadhaa hapakuwa na alama yoyote, sasa pana kipele chekundu chenye kichwa cheupe, na usiku wa kuamkia leo kimepasuka na kulowesha nguo. "Sista, ile sindano ilikuwa safi kweli?" Muuguzi anatazama mara moja tu na kumjibu: "Ni chanjo hiyo mama, inafanya kazi. Usipake kitu." Kisha anamwita anayefuata, kwa kuwa foleni inafika mlangoni.

Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno kwa mtu anayerudi nyumbani kwa mama mkwe aliyekwisha kuandaa majivu. Swali la usalama wa BCG, chanjo ya kifua kikuu kwa watoto wachanga, ni maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja: ndani ya chupa mna nini, sindano imechomwaje, na mtoto aliyechomwa ni yupi. Kila moja lina jibu lake, na yakichanganywa huzaa ama hofu isiyo na sababu au uhakika uliopita kiasi. Kwa maoni yangu, hofu yetu kubwa imeelekezwa mahali pasipostahili. Kile kinachoonekana, yaani kidonda, karibu kila mara hakina neno. Yale machache yanayoweza kumdhuru mtoto hayaonekani begani, na ni nadra mzazi kuyauliza au mhudumu kuyataja.

Tuanze na chupa. Jina BCG linatokana na majina ya Wafaransa wawili, Albert Calmette, aliyekuwa daktari, na Camille Guérin, aliyekuwa daktari wa mifugo, waliofanya kazi pamoja katika Taasisi ya Pasteur ya mji wa Lille. Mwaka 1908 walimchukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, ndugu wa karibu wa yule anayewaletea binadamu ugonjwa, wakamwotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na glisirini. Kila baada ya wiki tatu hivi walichota waliokua na kuwahamishia kwenye viazi vipya. Walirudia kazi hiyo mara 230 kwa muda wa miaka 13, hata katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza mji wao ulipokuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Mwishowe walibaki na bakteria aliye hai, anayezaliana, lakini aliyepoteza uwezo wa kuwaletea ugonjwa wanyama wa maabara. Sababu yake ilikuja kufahamika miongo mingi baadaye, wanasayansi walipoweza kusoma vinasaba: katika safari ile ya viazini, bakteria huyo alipoteza vipande kadhaa vya vinasaba, kikiwemo kimoja muhimu kinachoitwa RD1, ambacho ndicho humsaidia bakteria wa kifua kikuu kuvunja ngome za seli na kusambaa mwilini. Kipande kilichopotea hakijirudii chenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la wanaosema kwamba BCG humpandikizia mtoto kifua kikuu. Bakteria wa kifua kikuu cha binadamu hayumo chupani. Aliyemo ni yule ndugu yake wa ng'ombe, aliyedhoofishwa. Lakini neno la kushika hapa ni "hai". Chanjo nyingi anazopewa mtoto katika miezi yake ya mwanzo zina vimelea waliouawa au vipande vyao tu, ilhali BCG hufanya kazi kwa sababu bakteria wake wanaishi kwa muda ndani ya ngozi na kuulazimisha mwili ujifunze kupambana nao. Faida ya chanjo hii na madhara yake yote, makubwa kwa madogo, chanzo chake ni kimoja: ni chanjo hai.

Mtoto wa kwanza aliipata mjini Paris mwaka 1921. Mama yake alikuwa amefariki kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua, na bibi aliyebaki kumlea naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alipewa kwa mdomo, kama ilivyokuwa siku hizo, na hakuugua. Miaka michache baadaye yalitokea maafa ambayo mtu anayetaka kuielewa chanjo hii hana budi kuyajua. Kati ya mwishoni mwa mwaka 1929 na miezi ya mwanzo ya 1930, katika mji wa Lübeck nchini Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa chanjo iliyotayarishwa katika maabara ya hapo hapo mjini. Zaidi ya 70 walikufa kwa kifua kikuu, na wengine wengi waliugua wakapona. Wengi waliamini kwamba BCG imerudia ukali wake. Uchunguzi ulionyesha kwamba haikuwa hivyo: maabara ile ilikuwa pia inatunza bakteria wakali wa kifua kikuu cha binadamu, na bakteria hao walichanganyika na chanjo. Kesi ikaendeshwa na madaktari wawili wakahukumiwa kifungo. Ninalieleza tukio hili kwa sababu mtu atakayelikuta mahali likiwa limekatwa nusu atashtuka kwa haki. Ndilo lililowafundisha watengenezaji wa chanjo kuitenga BCG na kila kitu kingine. Leo hutengenezwa ikiwa unga mkavu kutoka mbegu iliyohifadhiwa, ili bakteria wasiendelee kubadilika kwa kuoteshwa upya bila kikomo, na kila toleo hupimwa kabla halijatoka kiwandani.

Swali la pili ni la sindano yenyewe, na hapa inafaa kusogea karibu na meza ya muuguzi. Chupa ya BCG ni ndogo, ya kioo cha rangi ya kahawia, kwa kuwa mwanga huwaua bakteria waliomo. Muuguzi anamimina ndani yake kimiminika maalumu kilichokuja na chanjo hiyo hiyo, si maji mengine yoyote, na kupata mililita moja ya kutosha watoto wachanga 20. Kila mtoto, basi, anapata mililita 0.05, kiasi cha tone moja tu la maji. Tone hilo halichomwi kwenye nyama wala chini ya ngozi. Linaingizwa ndani ya ngozi yenyewe, katika tabaka la juu. Muuguzi anaikaza ngozi kwa vidole viwili, analaza sindano karibu iwe sambamba na mkono, tundu lake likitazama juu, kisha anasukuma polepole. Akifanya sawasawa, papo hapo panainuka uvimbe mdogo wa duara, mweupe, wenye vitundu kama ganda la chungwa, unaopotea baada ya nusu saa hivi. Mzazi aliyeuona uvimbe huo ameona kwa macho yake kwamba chanjo imekaa mahali pake. Tanzania huchoma begani, mkono wa kulia. Kenya huchoma mkono wa kushoto, sehemu ya chini ya kiwiko, na ndiyo maana makovu ya majirani hawa wawili hayafanani kwa mahali.

Kazi hiyo inataka mkono uliozoea. Mtoto wa siku moja ana ngozi nyembamba, anarusha mikono, na sindano ikizama milimita moja au mbili zaidi chanjo huingia chini ya ngozi. Hapo badala ya kidonda kidogo cha juu hutokea jipu, na uwezekano wa tezi za kwapani kuvimba unaongezeka. Ndivyo inavyokuwa pia mtoto mchanga akichomwa kwa makosa dozi ya mililita 0.1, ambayo ni ya aliyetimiza mwaka. Sehemu kubwa ya madhara ya pale palipochomwa, kwa hiyo, haitokani na ubaya wa chanjo. Inatokana na kina cha sindano na kipimo cha dozi, mambo ambayo mafunzo na usimamizi wa wahudumu wapya huyapunguza.

Sasa kidonda. Baada ya uvimbe ule wa kwanza kupotea, bega hukaa kimya kwa wiki mbili au zaidi. Kisha hutokea kipele chekundu kigumu, ambacho taratibu huwa laini katikati, hutunga kitu kama usaha, hupasuka, na kuacha kidonda chenye upana wa takriban milimita tano. Kidonda hukauka na kufanya kigaga, kigaga hudondoka, pengine hulowa tena na kufanya kigaga kingine. Mzunguko huo unaweza kuchukua miezi miwili hadi mitano, na mwishoni hubaki kovu dogo la duara, lililodidimia kidogo, lile ambalo wengi wetu tunalo na tumelisahau. Kwa hiyo mama aliyeona kipele katika wiki ya sita hajaona uchafu wa sindano. Uchafu wa sindano ungejitokeza katika siku chache za mwanzo, pamoja na wekundu unaosambaa, joto na maumivu. Kidonda cha BCG huja kimechelewa, mtoto haonyeshi kuumwa, ananyonya kama kawaida na analala kama kawaida.

Tatizo mara nyingi huanza na tiba. Kidonda hiki hakihitaji majivu, dawa ya meno, spiriti, mafuta ya taa wala unga wa vidonge vya antibayotiki. Vitu hivyo huchoma ngozi au huingiza vijidudu vingine, na ndipo kidonda kisicho na neno kinapogeuka kuwa kidonda chenye neno. Kisikamuliwe. Kisifungwe plasta isiyopitisha hewa. Mtoto aogeshwe kwa maji na sabuni kama siku zote, pakaushwe kwa kugusishwa kitambaa safi bila kusugua, na avae nguo isiyombana mkono. Kikitoa majimaji mengi, kipande cha kitambaa safi kikavu kilichowekwa juu bila kukazwa kinatosha.

Kuna na upande wa pili wa hofu hii: mama ambaye mtoto wake hakutoka kidonda kabisa, au aliyeambiwa hana kovu. Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walichomwa tena baada ya miezi mitatu, kwa dhana kwamba pasipo kovu hapana kinga. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 ni kwamba kukosekana kwa kovu si ushahidi kwamba mtoto hana kinga, na si sababu ya kumchanja mara ya pili. Cha maana ni kadi ionyeshe tarehe aliyochanjwa.

Jambo linalofuata kwa kuonekana ni tezi. Kwa kuwa bakteria wa chanjo wako hai, wachache wao husafiri hadi kwenye tezi zilizo karibu, na mama anapomwogesha mtoto anaweza kugusa kitu kama punje ya maharage kwapani, upande ule ule wa sindano, wakati mwingine juu ya mfupa wa mtulinga. Tezi ndogo, ngumu, inayoteleza chini ya kidole na isiyoumiza huachwa, kwani hunywea yenyewe ingawa huchukua miezi. Mara chache, katika kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukikadiria kuwa watoto 100 hadi 1,000 katika kila milioni, tezi hukua, hulainika na kutunga usaha, na ngozi ya juu yake hugeuka nyekundu au kuiva. Huyo apelekwe hospitali. Daktari anaweza kuunyonya usaha kwa sindano, na kwa kawaida jambo huishia hapo. Lisilofaa ni kuitumbua kwa wembe, nyumbani au kwa mganga, kwa sababu jeraha hilo hufanya tundu linalovuja kwa muda mrefu na kuacha kovu baya. Nadra zaidi ya hilo ni bakteria wa chanjo kufika kwenye mfupa. Aina ya BCG iliyotumika huchangia: katika miaka ya 1970 nchi za Sweden na Finland ziliona ongezeko la watoto wenye uvimbe wa mifupa, na lilihusishwa na mbegu ya chanjo iliyokuwa ikitumika huko.

Mzazi akishasoma hayo ana haki ya kuuliza: kwa nini basi mtoto asiachwe tu? Jibu liko katika jinsi kifua kikuu kinavyomshambulia mtoto mchanga, tofauti kabisa na mtu mzima. Mtu mzima aliyeambukizwa huweza kuishi na bakteria maisha yake yote bila kuugua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiye na kinga yoyote, akiambukizwa, uwezekano wa kuugua unakaribia nusu kwa nusu, na katika kila watoto kumi walioambukizwa mmoja au wawili hupata aina mbaya kuliko zote: kifua kikuu kilichotapakaa mwilini, au kile cha utando wa ubongo. Hicho cha ubongo huanza kama homa isiyoisha na ulegevu, hukosewa kwa urahisi kudhaniwa malaria, na mtoto anayeokolewa akiwa amechelewa huweza kubaki bila kusikia, bila kuona vizuri au bila kutembea. Kukohoa hakuhitajiki hata kidogo ili mtoto awe mgonjwa, na makohozi ya kupima hana. Dhidi ya aina hizi mbili BCG inajulikana kukinga karibu robo tatu ya watoto au zaidi. Hesabu moja iliyofanywa juu ya watoto wapatao milioni 100 waliochanjwa duniani mwaka 2002 ilikadiria kwamba chanjo yao ilizuia karibu visa 30,000 vya kifua kikuu cha ubongo na zaidi ya 11,000 vya kile kilichotapakaa.

Hapo pia pana mpaka wake, na ni vizuri usemwe wazi. BCG haimhakikishii mtu kwamba hatapata kifua kikuu cha mapafu ukubwani. Jaribio kubwa lililoanza mwaka 1968 huko Chingleput, kusini mwa India, halikuona kinga yoyote dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Anayesema "mimi nilichanjwa, kikohozi hiki cha mwezi mzima hakiwezi kuwa TB" anaiomba chanjo kitu ambacho haikuahidi. Kazi yake kubwa iko utotoni.

Swali la tatu, la mtoto ni yupi, ndilo zito kuliko yote. Bakteria aliyedhoofishwa ni dhaifu mbele ya mwili wenye kinga. Mbele ya mwili usio nayo anaweza kuenea hadi kwenye ini, mifupa na mapafu, na hali hiyo huua. Kwa watoto wote kwa jumla ni tukio la nadra mno, linalohesabiwa kwa watoto wachache katika kila milioni. Wanaolipata karibu wote ni wenye kasoro ya kinga, ama ya kuzaliwa nayo au inayotokana na VVU. Kasoro kali ya kuzaliwa nayo humfika mtoto mmoja katika makumi ya maelfu, na siku ya kuzaliwa haina dalili: mtoto ni mzuri, analia, ananyonya. Nchi zenye uwezo huipima kwa tone la damu la kisiginoni. Sisi ambao hatuna kipimo hicho katika wodi za wazazi tuna swali ambalo halina gharama, na ningependa kulisikia likiulizwa kila mahali kabla chupa haijafunguliwa: je, katika familia hii, kwa baba au kwa mama, kuna mtoto aliyefariki uchangani kwa maradhi yaliyomwandama mfululizo bila sababu kueleweka, au aliyeugua vibaya baada ya BCG? Jibu likiwa ndiyo, chanjo isubiri mpaka daktari amchunguze mtoto.

Kuhusu VVU, mambo yamebadilika katika miaka hii, na ndiyo sababu majibu hutofautiana kati ya kliniki na kliniki. Tafiti za Afrika Kusini zilionyesha kwamba watoto walioambukizwa VVU na wasiotumia dawa walipata BCG iliyoenea mwilini kwa kiwango cha mamia ya mara zaidi ya watoto wengine. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto anayejulikana kuwa na VVU asichanjwe. Kisha dawa za kufubaza VVU zikawafikia watoto mapema, na mwongozo wa mwaka 2018 ukafafanua zaidi: mtoto aliyethibitika kuwa na VVU asubiri, aanze dawa, na kinga yake ikishaimarika achanjwe.

Lakini watoto wengi wa akina mama wanaoishi na VVU hawana VVU. Mama akitumia dawa zake vizuri tangu ujauzito, idadi kubwa kabisa ya watoto wao huzaliwa salama, na hao wako katika nyumba ambazo kifua kikuu kinaweza kuwa karibu zaidi kuliko kwingine. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, ambaye hali yake mwenyewe bado haijajulikana na hana dalili za ugonjwa, huchanjwa kama wenzake. Wajibu unaobaki ni kukipata kipimo chake cha wiki sita bila kukikosa. Na mama asiifiche hali yake kwa mhudumu kwa kuogopa kwamba mtoto atanyimwa chanjo; taarifa hiyo ndiyo inayomlinda mtoto kwa pande zote mbili.

Wapo watoto wengine ambao chanjo huahirishwa kwa muda. Mtoto wa mama anayeugua kifua kikuu cha mapafu wakati wa kujifungua kwanza huchunguzwa kama ameambukizwa. Akiwa hana ugonjwa hupewa dawa ya kinga, ambayo mara nyingi ni isoniazidi kwa miezi sita, na BCG hufuata baada ya dawa kwisha, kwa kuwa dawa hiyo ingewaua bakteria wa chanjo kabla hawajaufundisha mwili. Mama huyo aendelee kunyonyesha, akiwa kwenye matibabu na amevaa barakoa. Mtoto wa mama aliyetumia ujauzitoni dawa kali za kushusha kinga, hasa zile za kisasa za kuchomwa kwa ajili ya baridi yabisi au maradhi ya utumbo, naye asubiri, kwani dawa hizo huvuka kondo la nyuma na kukaa katika damu yake kwa miezi; huko Uingereza mtoto mmoja wa namna hii alifariki baada ya kuchanjwa. Njiti, kinyume na wanavyodhani wengi, hawakatazwi kwa udogo wao. Aliyezaliwa baada ya wiki 31 za ujauzito, hata kama hajafikisha gramu 2,500, anaweza kuchanjwa maadamu hali yake imetulia, au kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nchini Guinea-Bissau, majaribio matatu kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, yakijumlishwa, yalionyesha vifo vya mwezi wa kwanza kupungua kwa asilimia 38 kwa waliochanjwa mapema. Na kule Entebbe, Uganda, utafiti wa watoto 560 uliwaona waliochanjwa siku ya kuzaliwa wakiugua maambukizo mengine kidogo kuliko waliosubiri wiki sita. Denmark, ambako watoto wachache hufa, faida ya namna hiyo haikuonekana katika kulazwa hospitali, hivyo jambo hili bado linachunguzwa.

Ndugu walioko ng'ambo huuliza kwa nini Marekani na Uholanzi hazikuwahi kuwachanja watoto wote, na kwa nini Sweden iliacha mwaka 1975, ikiwa chanjo hii ni njema. Sababu ni mizani. Mahali ambapo mtoto karibu hana nafasi ya kukutana na mgonjwa wa kifua kikuu, hata dhara la mmoja katika laki ni kubwa kuliko faida. Mahali ambapo bakteria yumo ndani ya daladala, msikitini, kanisani na katika chumba cha kupanga cha watu sita, mizani hulalia upande wa pili. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zinajua zimesimama upande gani. Uingereza huwachanja watoto wachanga walio katika hatari tu, wakiwemo wale ambao mzazi au babu na bibi yao alizaliwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi, na tangu Septemba 2021 huwasubirisha hadi siku ya 28 ili jibu la kipimo cha kinga litoke kwanza. Huko wanaweza kusubiri. Mzazi anayeishi huko na anayepanga kumleta mtoto nyumbani kuwaona bibi na babu azungumzie BCG na kliniki yake miezi kadhaa kabla ya safari.

Kwetu kuchelewa kunatokea kwa sababu nyingine kabisa, na linaniuma kuliko habari ya kidonda. Chupa ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita, na ina dozi za watoto 20. Palipozaliwa watoto watatu tu, wahudumu husita kufungua, na mama huruhusiwa na kichanga chake akiambiwa arudi siku ya BCG. Kwa anayeishi mbali, au aliyejifungua kwa upasuaji, siku hiyo huwa wiki, na wiki huwa mwezi. Chanjo iliyomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto aliyerudishwa, na mipango ya chanjo hununua dozi za ziada kwa kujua kwamba nyingine zitatupwa. Mama aulize kabla hajatoka wodini chupa itafunguliwa lini na wapi, na siku hiyo iandikwe kwenye kadi. Na aliyepitwa nayo amlete tu mtoto wake, hata ikiwa ni wiki au miezi baadaye, bila hofu ya kugombezwa. Atachomwa tone lile lile, na tarehe itakayoandikwa ni ya siku hiyo.